Sebastian na Nyumba ya Ukweni

Sebastian ni mtoto wa mama yangu mdogo, na kwetu Marangu huyo ni kaka yako kabisa, mambo ya binamu tunawaachia wenyewe. Nilimtangulia Toronto, nikampokea, nikamfundisha kuvaa soksi mbilimbili, nikamtafutia chumba St. James Town kwenye yale maghorofa ambayo wageni wengi wa mji huu huyapitia kabla hawajajua wanaelekea wapi. Maghorofa yale yana lifti nyingi na zinaharibika kila kukicha, na Sebastian alikuwa fundi umeme tangu Moshi. Akarudi darasani, akapata cheti, akawa fundi wa lifti. Mpaka leo ukipanda naye lifti hakusemeshi, anasikiliza kamba.

Ana ugonjwa mmoja ambao nyumbani tunaujua sote. Hawezi kumwona mtu amekaa vibaya. Ukisinzia kwenye kochi lake utaamka umefunikwa blanketi na viatu vimevuliwa. Kwenye misiba yetu, ile tunayoifanyia ukumbi wa kanisa kule North York, yeye ndiye anayehangaika kuwatafutia wazee viti vyenye mgongo, mwenyewe anakula amesimama. Nilikuwa namtania kwamba angezaliwa mwanamke angekuwa ameolewa mara saba. Ananiambia, "Dada, usinichurie," na anacheka.

Mke alimpata buchani. Kamrudin, mwenye bucha, ni Mhindi wa Moshi aliyeondoka miaka ya sabini, Kiswahili chake kimebaki kilekile cha wakati huo, na alikuwa na desturi ya kumwekea Sebastian kichwa cha kondoo na utumbo kila Jumamosi. Jumamosi moja ya mwaka 2001 Sebastian anafika, anakuta kichwa chake kiko mikononi mwa mwanamke mrefu, nywele nyeusi zimefungwa kisogoni kwa uzi mweupe wa sufu. Kamrudin akajifanya anapanga visu. Mwanamke akasema amezunguka mji mzima akitafuta kichwa cha kondoo na hakirudishi. Sebastian akamuuliza utumbo je, anautaka? Akasema anautaka pia, kwao wanauviringisha kwenye mafuta ya kondoo wanauchoma. Walibishana pale kaunta mpaka ikabidi wale pamoja. Ndivyo alivyonisimulia, na kwa jinsi alivyokuwa akisimulia nilijua mambo yamekwisha.

Jina lake Verna. Nilijiandaa kutompenda, sifichi, kwa sababu nilikuwa nimeshamtengea kaka yangu binti mmoja wa Kibosho, nesi, mtaratibu. Nilimdhania Verna ni Mfilipino. Akaniambia yeye ni Mnavaho, kutoka Arizona, Marekani. Alikuja Kanada na mume wa kwanza, mume akaondoka, yeye akabaki na kazi yake kwenye maabara ya hospitali. Nikamuuliza Wanavaho ndio wale wa kuvaa manyoya kichwani? Akaniuliza mimi ndio wale wa kukaa na simba? Nikacheka, na hapo nikawa nimeshindwa. Alitukaangia mkate wao, andazi bapa lisilo na sukari, nikamwambia kwetu hilo ni kosa. Akajifunza neno wifi akawa ananiita hivyo mbele ya watu kwa sauti, kama cheo.

Mchagga akikutana na mtu wa kuoa au kuolewa naye, swali la kwanza ni kihamba, lile shamba la ukoo, kiko wapi. Nikamuuliza. Verna akachora kwa kidole juu ya unga uliobaki mezani. Duara dogo, Wahopi, wakulima wa mahindi, wenye vijiji vya mawe juu ya vilima tangu zamani sana. Kulizunguka duara lile, pande zote, Wanavaho na kondoo wao. Katikati ya hao wawili kulikuwa na nchi waliyoitumia wote, na mizozo ilikuwepo, hakuficha. Wahopi walikuwa wakilalamika miaka na miaka kwamba kondoo wa Wanavaho wanawasogelea mpaka mlangoni, na Verna alisema wana haki ya kulalamika. Mwaka 1974 wakubwa wa Washington wakapitisha sheria ya kuigawa nchi ile. Uzio ukapita. Wahopi wachache waliojikuta upande wa Wanavaho wakahamishwa. Wanavaho waliojikuta upande wa Wahopi walikuwa maelfu, nao wakaambiwa wahame.

Akapitisha kidole kwenye unga, mstari mmoja, na upande wa Wahopi akaweka chembe ya chumvi. Hapo ndipo mama yake alipokuwa akikaa.

Wengi walihamia mjini kwenye nyumba za serikali, akina shangazi zake, wajomba zake, watu wasiojua kukaa mahali pasipo na kondoo, na Verna alisema wengi wao walikufa kwa uchungu tu, hakuna ugonjwa wenye jina. Mama yake aligoma. Kufika mwishoni mwa miaka ya tisini wagomaji waliobaki wakapewa mkataba: kaeni, miaka sabini na mitano, kwa masharti. Kwa jinsi familia ya Verna ilivyoambiwa, sharti kubwa lilikuwa nyumba. Nyumba iliyopo ikae na watu. Mpya haijengwi mpaka upewe ruhusa, na ruhusa hawajawahi kuona aliyepewa. Nyumba ikiachwa, kiwanja kimeachwa.

Kwa hiyo kila kitu chao kilikuwa juu ya nyumba moja ya magogo na udongo, ya duara, mlango unatazama mashariki. Ndani yake mama, na kaka yake Verna aitwaye Leland, hana mke, hana mtoto. Verna alikuwa na mpango mmoja tu duniani na alinieleza jikoni kwangu Pickering huku anamnyonyesha mtoto: huyu binti, Prudence, akiwa mkubwa, awe anajua lugha, anajua kondoo, aende akakae na mjomba wake, nyumba isibaki tupu. Nikamwambia wifi, mtoto wa Toronto huyu, unamtuma akachunge kondoo jangwani? Akasema atakwenda kila likizo, atazoea. Na kweli kuanzia alipojua kutembea vizuri, Juni shule zikifungwa, kitu cha kwanza kuingia kwenye begi la Prudence kilikuwa buti zake ndogo. Verna alikuwa akimsemesha kwa lugha yao tu. Sebastian akimsemesha Kiswahili. Mtoto akiwajibu wote kwa Kiingereza, lakini akiwaelewa.

Mara ya kwanza Sebastian kwenda ukweni ilikuwa 2004. Verna alimwonya njiani. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawasemezani. Wazee wa zamani wanasema wakitazamana mmoja atapofuka. Verna alimweleza kwa aibu kidogo, akidhani ataona ni ushamba, kumbe Sebastian alifurahi. Alirudi akiniambia, "Dada, wana heshima wale watu. Ni kama sisi wa zamani." Miaka yote ile ya kwenda na kurudi aliishi ukweni kwa kujificha. Mama akitoka nje, yeye anazunguka nyuma ya zizi. Akiingia kula, mama yuko kwa dada yake, mzee mwingine aliyekuwa na kiwanja chake cha jirani. Alimkarabatia mama mkwe jiko la chuma, alimwekea mlango mpya, alimletea blanketi kutoka Toronto, na hakuwahi kuujua uso wake. Alikuwa akiijua sketi yake tu, rangi ya damu ya mzee, ikipita kwa mbali na mbwa nyuma.

Februari 2011 Leland akapiga simu kwamba mama hali chakula na amekataa hospitali. Wakaniachia Prudence, wakaondoka siku ileile.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana yaliyofuata watu wa hapa Toronto wameyageuza wanavyotaka, na mimi nimeyasikia kwa Sebastian mwenyewe na kwa Verna mwenyewe, kila mmoja peke yake.

Kwa Wanavaho wanaoshika desturi, kifo hakisemwi. Kukitaja mbele ya mgonjwa, au hata nyuma yake, ni kukiita. Kwa hiyo walipofika, hakuna aliyemwambia Sebastian mama anakufa. Leland alikuwa nyuma ya nyumba anakata matawi ya mierezi, anajenga kibanda kidogo, na hakuna aliyesema cha nini. Na kwetu sisi, ukweni hauulizi. Unaona, unanyamaza, unasubiri kutumwa. Sebastian alidhani ni kibanda cha kondoo wanaozaa. Akasaidia kubeba matawi.

Siku ya tatu asubuhi wakamtoa mama nyumbani wakamlaza kwenye kile kibanda, juu ya ngozi za kondoo, mablanketi mengi, moto mlangoni. Sebastian alipelekwa zizini kama kawaida asitazamane naye. Kisha Leland na Verna wakaondoka na gari kwenda kumchukua mzee wao wa maombi, wakamwacha dada yake mama akiangalia moto. Dada mtu mwenyewe macho yalikuwa yamekwisha na hajui Kiingereza hata neno. Walitegemea kurudi kabla ya mchana. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka barabarani, gari likazama kwenye matope hadi ekseli, na huko simu hazishiki.

Mchana upepo ukageuka, theluji nyingine ikaanza. Moto ukazimika. Yule mzee akaenda kupapasa kuni. Sebastian akiwa zizini alimsikia mama mkwe anaguna. Aliniambia alisimama muda mrefu ameshika ua wa zizi. Mkwe hamgusi mkwe, analijua hilo tangu kwao, analijua na la huku. Lakini kuna mama wa mtu amelala chini, nje, kwenye theluji, chini ya matawi, na hatua chache kutoka hapo kuna nyumba yake, ina kitanda chake na jiko ambalo yeye Sebastian amelitengeneza kwa mikono yake. Akaona waliomtoa walikuwa na sababu zao za asubuhi, na sasa si asubuhi tena. Akaenda.

Mama alikuwa mwepesi sana, alisema. Alifumbua macho wakatazamana. Sebastian hana neno lolote la lugha yao zaidi ya asante, kwa hiyo alisema kilichomjia, akasema shikamoo mama. Yule dada mtu akasikia nyayo, akaja mbio akimvuta koti, analia, anapiga kelele. Sebastian akaelewa kwamba analaumiwa kwa kumtazama mkwe. Akageuza uso pembeni kwa heshima, akaendelea kutembea hivyo, uso pembeni, amembeba, mpaka ndani. Akamlaza. Akawasha jiko. Akamfunika, akampangia viatu vyake chini ya kitanda. Kisha akatoka akakaa nje ya mlango, ameupa mgongo, asimfedheheshe zaidi. Alikuwa akisikia pumzi yake. Ilitulia, ikawa ya mtu aliyepata joto, na baadaye hakuisikia tena.

Gari lilipofika, Verna aliona kwanza moshi kwenye bomba la nyumba. Sebastian akainuka kuwapokea, machozi yanamtoka lakini mwenye amani, mtu aliyetimiza wajibu wa mtoto.

"Mama amepumzika," akamwambia mkewe. "Hakupumzika nje. Nimemrudisha ndani, amelala kitandani kwake."

Verna hakupiga kelele. Alikaa chini, pale pale kwenye matope. Leland akarudi garini akafunga mlango.

Kile kibanda kilikuwa cha kuiokoa nyumba. Kwao mtu anayekata roho hutolewa nje mapema, apumzikie nje, kwa sababu akifia ndani nyumba imekufa naye. Hakuna wa ukoo atakayelala humo tena, hakuna atakayekula humo, hakuna atakayechukua hata kijiko. Ukuta wa kaskazini unavunjwa, maiti inapitishwa pale, na watu wanahama wasigeuke nyuma. Zamani haikuwa shida. Ulikuwa unakwenda mbele kidogo unajenga nyingine, nchi ilikuwa kubwa. Baada ya ule mstari, hapakuwa na mbele. Kulikuwa na nyumba ile moja.

Leland alivunja ukuta siku iliyofuata. Sebastian alikuwa amekaa kwenye gari la kukodi anasikia shoka, na bado hajaambiwa kitu. Verna alimwambia wakiwa njiani kurudi kiwanja cha ndege, kwa maneno machache, macho yako barabarani. Sebastian alinieleza kwamba kwanza hakuelewa, na alipoelewa aliomba wasimamishe gari, akashuka.

Walipokuja kumchukua mtoto kwangu, mimi mdomo wangu ukanishinda. Niligombana na Verna jikoni, siku ile, msiba ukiwa bado mbichi. Nilimwambia kwetu nyumba aliyofia mama ndiyo nyumba. Kwetu tunamzika mama shambani, hatua chache na mlango, na kaburi lile ndilo linalotufunga na ardhi. Mtu akija na karatasi zake tunamwonyesha kaburi. Nilimwambia mnakimbiaje nyumba ya mama yenu wenyewe, mkawaachia watu, kwa woga? Alikuwa anamvalisha mtoto koti. Akaniambia, "Kwenu, wifi." Akafunga zipu. Nilikuwa na hasira naye wiki nzima, na mpaka leo nikifikiria ningekuwa mimi kule zizini, najua ningembeba mama kwa kukimbia.

Leland alikaa mle kwenye kiwanja akilala ndani ya pikapu yake, pembeni ya zizi. Aliomba kwa wakuu wa Wahopi kujenga nyingine, hata ya mbao, hata chumba kimoja. Akaambiwa hakuna ujenzi mpya. Akauliza kuweka trela. Akaambiwa hilo nalo ni ujenzi. Halafu akaanza kuulizwa mbona nyumba ina tundu ukutani na haitoi moshi. Hakuweza kuingia hata kuwasha jiko ili moshi uonekane. Nilimwuliza Verna kwa nini asiwashe tu, dakika mbili, awadanganye. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Ndipo Sebastian akapata wazo lake. Kiangazi cha mwaka ule ule alichukua likizo yote aliyokuwa nayo, akamwambia Verna anakwenda Calgary kwenye mafunzo ya kazi, akaenda Arizona. Mantiki yake ilikuwa hivi: yeye si Mnavaho. Mizimu ile haimjui. Nyumba aliyoiharibu ataikalia yeye, atawasha jiko, atalala humo, na kiwanja kitahesabika kina watu mpaka Prudence akue. Aliziba tundu kwa mabati, akafagia, akahamia. Leland hakumfukuza. Ila tangu siku ile hakumkaribia tena. Alikuwa akimwekea chakula juu ya jiwe mbali na mlango na kuondoka.

Baada ya siku kadhaa akaja mtu wa ukaguzi, Mhopi, mtu mzima wa makamo, mpole. Akamkuta mwanamume mweusi, Mchagga, anapika ugali ndani ya nyumba ya Wanavaho kwenye ardhi ya Wahopi. Sebastian anasema yule bwana alivua kofia akajikuna kichwa kwa muda. Akamwuliza yeye ni nani. Sebastian akasema ni mkwe. Akamwuliza wenye nyumba wako wapi. Sebastian akajaribu kueleza, akachanganya, mwishoni akasema ukweli wote, kibanda, theluji, kitanda, kila kitu. Yule Mhopi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mkataba si wako," akamwambia. "Ingekuwa mimi peke yangu ningefumba macho. Lakini babu yangu alilima bonde hili kabla kondoo wao hawajafika, na amekufa akilidai. Nikifumba macho hapa, nitamwambia nini?"

Akamwacha amalize ugali wake. Mimi nimelitafuta jibu la swali hilo miaka yote hii sijalipata. Nilitaka sana kumchukia yule bwana. Nilitaka wawe wabaya, wamekuja na mbwa na bunduki, nipate pa kuielekezea hasira yangu. Waliopiga ule mstari kwa rula walikuwa mbali, wamestaafu, wengine wamekufa vitandani mwao vizuri.

Aliporudi Toronto, Verna alishajua, Leland alikuwa amempigia. Alimkuta Sebastian mlangoni na begi, akamwambia kwa utaratibu kwamba hawezi kuingia. Amelala kwenye nyumba ile, amekula humo. Kuna ibada ya kumsafisha mtu kama yeye, ya siku nyingi, nzuri, na mzee wao wa maombi angekubali kuifanya. Inafanyiwa nyumbani kwa familia. Sebastian akauliza nyumbani wapi. 

Alikaa kwangu Pickering mpaka majani yakadondoka. Mume wangu Evans alikuwa akimpeleka kazini alfajiri, wakirudi jioni anakula, anaosha vyombo vyangu vyote, anakaa. Mwishowe Verna alimruhusu kurudi, akamwogesha kwa mizizi fulani aliyotumiwa kwa posta, akachoma nguo zote alizokwenda nazo. Alisema haitoshi lakini ndiyo iliyopo. Wakaanza kuishi tena. Anampikia, anamfulia, wanakwenda Kamrudin pamoja Jumamosi. Nilidhani wamevuka.

Siku moja Sebastian aliniambia kinachomuua. Alikuwa amemwomba Verna amgombeze. Alimpigia magoti, mwanamume mzima, akamwambia nitukane, nipige, niambie nimekuharibia ukoo wako, halafu unisamehe.

"Unajua alinijibu nini, dada?" akaniambia. "Alisema, ulimpenda mama. Nikulaumu kwa lipi?"

Akawa analia kwenye mikono yake. Msamaha unaombwa penye kosa, na yeye amenyimwa hata kosa. Nilimwambia mambo mengi siku ile, ya Mungu, ya muda, ya kwamba watu wana makubwa zaidi. Nilikuwa nasema tu.

Majira ya kuchipua ya 2012 Leland aliwauza kondoo akahamia mjini, Flagstaff, akapata kazi ya kulinda maegesho ya magari. Kiwanja kikaandikwa kimeachwa. Verna alinipa habari hiyo kwa simu katikati ya maongezi mengine, kati ya bei ya nyanya na harusi ya Chelagat, yule Mkenya tuliyekuwa tukiimba naye kwaya. Nikasema pole wifi. Akasema asante.

Juni shule zikafungwa. Nilikwenda kwao kumpelekea Prudence nguo. Begi lilikuwa juu ya kitanda, wazi, na mtoto anarukaruka. Ndani kulikuwa na miwani ya kuogelea, taulo, kofia ya mpira. Nikauliza safari ya wapi. Verna akaniambia ameandikishwa kambi ya kuogelea hapahapa mjini, bwawa la jamii, kiangazi chote. Alimwita mtoto aje ajaribu kofia, na ndipo nikagundua kwamba amemwita kwa Kiingereza. Nikakumbuka kwamba tangu nimeingia nilikuwa sijasikia lugha nyingine nyumba ile.

Nikamwuliza kwa sauti ya chini, wifi, na lugha yenu?

"Ya nini?" akasema Verna. "Hana pa kwenda kuisemea."

Alisema hivyo huku anakunja taulo, uso hauna kitu. Prudence akanidandia shingoni. "Auntie, guess what, wana slide kubwa, inaingia mpaka kwenye maji!" Macho yanamng'aa, meno ya mbele hana. Alinieleza ile slaidi ya kuteleza ilivyo ndefu, jinsi rafiki yake anavyoiogopa na yeye haogopi. Nilimsikiliza nikamwambia vizuri mwanangu. Hakutaja kondoo. Hakumtaja mjomba wake.

Sebastian alikuwa amekaa sakafuni anarekebisha zipu ya mfuko wa pembeni wa lile begi, kwa koleo ndogo ya kazini kwake. Akaiweka chini koleo, akatoka kwenye baraza la ghorofa. Nikamfuata. Chini kulikuwa na kelele za watoto wa majirani, likizo imeanza kwa kila mtu.

"Nimekaa na jibu tangu Februari ya mwaka jana," akaniambia. "Nimelipanga, nimelipangua. Nilijua Prudence akiniuliza kwa nini haendi kwa bibi, nitamwambia mimi mwenyewe, nisimwachie mama yake. Dada, hajauliza."

 Nilisimama naye pale mpaka Verna akatuita chakula kimeiva.